Usijibane Pembeni: Mbinu za Kuendesha Baiskeli Mjini na Kupunguza Kasi Mtaani

Anayeanza kwenda kazini kwa baiskeli jijini Dar es Salaam hupewa ushauri uleule na kila anayemtakia mema: kaa pembeni kabisa, waachie wenye magari barabara yao. Mama humwambia hivyo, jirani humwambia hivyo, hata fundi anayemkazia breki. Ushauri huo una mapenzi ndani yake, lakini ndio unaowatia wengi mtaroni. Pembeni kabisa ndipo lami inapokatika ghafla na kuacha ngazi ya kushukia mchangani. Ndipo mifuniko ya chemba inapoibwa ikauzwe vyuma chakavu, ndipo vipande vya chupa vinapokusanyika, ndipo bodaboda wanapokuja kinyume, ndipo milango ya magari yaliyoegeshwa inapofunguka. Kubwa kuliko yote, ukijibana pale, dereva aliye nyuma yako huona bado ana nafasi ya kupita bila kubadili njia. Anapita, na kioo chake kinakugusa kiwiko.

Kaa mita 1 kutoka ukingo wa lami. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kukwepa shimo bila kuingia mbele ya gari. Ukipita kando ya magari yaliyoegeshwa, ongeza hadi mita 1 na nusu, kwa sababu mlango wa gari dogo ukifunguliwa wote huchukua karibu mita nzima. Usiingie kwenye uwazi ulio kati ya magari yaliyoegeshwa kisha ukatoka tena: kila unapotoka, wewe ni mtu mpya kwa dereva aliye nyuma. Nenda mstari mmoja ulionyooka ili kila mtu ajue utakuwa wapi baada ya sekunde tatu.

Barabara ikibanwa kiasi kwamba gari haliwezi kukupita kwa usalama, labda kuna genge limeingia barabarani au maji yamejaa upande mmoja, geuza shingo utazame nyuma, toa mkono wa kulia, shika katikati ya njia mpaka upite, kisha rudi. Utapigiwa honi. Vumilia. Anayepiga honi amekuona, na hatari yako kubwa ni dereva ambaye hajakuona.

Haya nayasema kwa barabara ambazo magari huenda taratibu au kwa kasi ya wastani. Barabara ya Mandela, yenye malori ya kwenda na kutoka bandarini, si mahali pa kushika katikati ya njia. Pale tumia njia ya pembeni, au njia ya waenda kwa miguu ukiwa umeshuka, hata kama utachelewa.

Daladala, malori na njia panda

Daladala husomeka. Konda akichungulia mlangoni, abiria akisimama ndani ya gari, mtu akinyoosha mkono kando ya barabara mita 30 mbele, basi hilo linaingia kushoto, taa ya ishara iwake isiwake. Usiitegemee taa ya breki ya nyuma, nyingi zimekufa. Tazama tairi la mbele, kwa sababu hugeuka kabla bodi la gari halijaanza kusogea. Gari likishasimama, una uamuzi mmoja wa kufanya: kungoja nyuma yake au kulipita upande wa kulia baada ya kutazama nyuma. Upande wa kushoto, kati ya mlango na kituo, usipite kamwe. Pale anashuka mama mwenye mtoto na mfuko, macho yake yako kwenye ngazi, na hakuna sababu ya yeye kukutarajia.

Lori ni jambo jingine, na hapa naomba usome polepole, kwa kuwa anayekosea mbele ya lori hapati nafasi ya pili. Lori refu linapokata kona ya kushoto, matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele. Yanakata ndani, karibu zaidi na ukingo. Mwendesha baiskeli aliyesimama ubavuni mwa lori kwenye taa, upande wa kushoto, huona kichwa cha lori kikisogea mbele kana kwamba kinamwacha salama, kisha ubavu unamjia. Dereva naye yuko juu upande wa kulia, na sehemu ile ya chini kushoto haioni. Kwa hiyo ukikuta lori limesimama kwenye taa, baki nyuma yake, mahali ambapo unauona uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni. Usipouona uso wake, naye hakuoni.

Kugeuka kulia kwenye njia panda kubwa, kama Mwenge au TAZARA, maana yake ni kukatiza njia zote za magari. Wenye uzoefu hufanya hivyo. Wewe fanya kwa hatua mbili: nenda moja kwa moja hadi ng'ambo, shuka, geuza baiskeli, vuka na waenda kwa miguu. Unapoteza dakika moja tu. Kwenye reli, vuka kwa pembe mraba na usifunge breki juu ya chuma. Reli iliyolowa na tairi jembamba linalopita kimshazari huishia na mtu chini.

Mvua ikinyesha, dimbwi lolote usilolijua ulihesabu kuwa ni chemba isiyo na mfuniko. Lizunguke. Likiziba barabara nzima, fuata mahali ambapo magari yaliyotangulia yamepita bila kuzama.

Njia ya kupita na chombo chenyewe

Barabara unayoijua kutokana na daladala si lazima iwe njia yako. Mitaa ya ndani ya Sinza au Kijitonyama ina kasi ndogo, na mara nyingi hukufikisha kwa muda uleule kwa sababu husimami kwenye foleni. Tatizo la Dar es Salaam ni Bonde la Msimbazi. Mitaa yote ya ndani, ukitaka kuingia mjini kutoka Kinondoni, mwishowe hukusukuma kwenye madaraja machache: Jangwani, Salenda, au Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Chagua daraja lako kwanza, kisha tafuta mitaa ya kukufikisha hapo. Jangwani hujaa maji mvua kubwa zinaponyesha, hivyo uwe na daraja la pili akilini. Tanga hawana shida hii: barabara za Ngamiani zimenyooka, zina namba, zinaungana zote, na mwenye baiskeli ana njia nyingi za kufika sokoni.

Jaribu njia yako Jumapili asubuhi, kabla ya Jumatatu ya kazi. Kando ya Barabara ya Morogoro, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, kuna njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Itumie, lakini usikimbie humo, kwa sababu meza za wafanyabiashara na pikipiki zilizoegeshwa zimeingia, na mtu anayetembea humo ana haki kuliko wewe. Njia ya mabasi yenyewe usiingie hata ikiwa tupu. Basi la mwendokasi halikutarajii.

Kuhusu chombo, sina mengi. Baiskeli ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele, madigadi na kifuniko cha cheni, inafaa mjini kuliko ile ya milimani yenye matairi ya meno. Fremu yake haina bomba la juu, hivyo mwenye gauni au kanzu hupanda na kushuka bila taabu. Kabla hujalipa, inua gurudumu la mbele ulizungushe: likiyumba, spoku zimelegea au ringi imepinda. Kamata breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma: ukisikia kugonga, gololi zimekwisha. Tazama chini ya fremu, pale mabomba yanapokutana, kama kuna ufa uliofunikwa na rangi. Phoenix na Avon za breki za fito ni imara na hubeba mzigo, lakini ringi zake za chuma zikilowa breki hazishiki. Mwenye nazo apunguze mwendo mapema sana wakati wa mvua.

Kiti kipandishe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini mguu unyooke. Wengi huendesha magoti yakiwa kifuani, wakachoka, wakaamua baiskeli ni mateso. Jaza upepo kila wiki. Beba tyubu moja, pampu ndogo na spana. Kwa usiku, taa nyekundu nyuma ni ya lazima, nyeupe mbele, na kizibao cha riflekta. Hapa kwetu jua huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo anayetoka kazini saa 12 atarudi gizani akichelewa kidogo tu. Kofia ngumu vaa ukiwa nayo, inasaidia ukianguka. Lakini haipunguzi kasi ya gari linalokuja, na ndiyo maana sikuanza nayo.

Mtoto akipakiwa nyuma kwenye keria, hatari yake iko miguuni. Kisigino kikiingia kwenye spoku, nyama huchanika na mfupa unaweza kuvunjika. Mwambie fundi achomelee vikanyagio viwili na aweke kizuizi cha bati au wavu kando ya gurudumu. Ni kazi ya muda mfupi gereji, na ifanyike kabla mtoto hajapanda.

Na wewe mwenye gari unayesoma haya: ukitaka kufungua mlango wa dereva, tumia mkono wa kushoto. Mwili utageuka wenyewe na macho yatatazama nyuma. Ukimpita mwenye baiskeli, mwachie mita 1 na nusu, na kama nafasi haipo, ngoja nyuma yake. Maji yakiwa yamejaa barabarani, punguza mwendo ili usimmwagie maji yenye mchanga machoni.

Mtaa wako una kasi gani?

Yote niliyosema hadi hapa yanamtaka anayeweza kuumizwa ndiye ajihadhari. Hayatoshi, na si haki yaishie hapo. Mtoto wa darasa la pili hawezi kusoma tairi la daladala. Bibi anayevuka na ndoo hawezi kuongeza hatua. Kinachoamua kama watafika nyumbani ni kasi ya gari, na kasi ni kitu ambacho wakazi wa mtaa mmoja wanaweza kukipima na kukibadilisha.

Chukua magari mawili yanayofuata barabara moja kavu, breki nzuri, madereva wanaohitaji sekunde 1 kutambua hatari. La kwanza linakwenda kilomita 30 kwa saa. Litasimama baada ya karibu mita 13. La pili linakwenda 50, kasi ambayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu katika maeneo ya makazi. Baada ya mita hizohizo 13, dereva wake bado hajakanyaga breki. Atahitaji karibu mita 28 kusimama. Mtoto akitokea mita 15 mbele, gari la kwanza humkosa, na la pili humgonga likiwa bado na karibu kasi yake yote. Ndiyo sababu nchi zilizokutana Stockholm Februari 2020 zilikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika kwa wingi, kasi isizidi 30.

Sasa upimaji. Huhitaji mashine ya trafiki. Tafuta futi kamba ya fundi ujenzi, pima mita 50 kwenye sehemu iliyonyooka ya mtaa wako, weka alama ya chokaa kila mwisho. Mtu mmoja asimame alama ya kwanza na kushusha mkono gari linapoipita, mwingine alama ya pili na saa ya simu. Gawanya 180 kwa sekunde ulizopata, na jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60. Simameni mahali ambapo dereva hawatambui haraka, kwa sababu akiwaona na daftari atapunguza. Pimeni magari 50 asubuhi watoto wanapokwenda shule na 50 jioni. Andikeni pia ni watoto wangapi wamevuka katika saa hiyo, na mara ngapi gari limefunga breki ghafla au mtu amerudi nyuma kwa mshtuko.

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, fanyeni yale yasiyohitaji kibali. Nendeni kijiwe cha bodaboda. Hawa vijana wanakaa pale kutwa, wanajua kona gani imegonga watu na saa ngapi, na ni wao wanaobeba majeruhi. Waombeni kijiwe kisogezwe mita 10 kutoka kwenye kona, ili mtoto anayetaka kuvuka aonekane na aone. Mwombeni mwenye genge asogeze meza, mwenye nyumba akate matawi yaliyoshuka hadi usawa wa kichwa, mwenye lori aliyelilaza mbele ya kivuko alilaze kwingine. Nimeona kona zikipata nafuu kubwa kwa mazungumzo haya peke yake, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa kutoonana.

Jambo moja msilifanye, hata kama moyo unawasukuma: kujenga tuta la kifusi usiku. Naelewa linakotoka. Mtoto amegongwa, ofisi imekaa kimya, wakazi wanachukua majembe. Lakini tuta lisilo na rangi wala alama ndilo linaloangusha bodaboda gizani na abiria wake, humrusha mwenye baiskeli, huzuia maji ya mvua yasifike mtaroni, na wenye mamlaka wakilikuta hulivunja. Tuta zuri la mviringo lina urefu wa karibu mita 3.7 kwa mwelekeo wa magari, na kimo cha sentimita 10 katikati. Mwenye baiskeli hulipanda na kulishuka bila kuumia mgongo, na gari hulazimika kupunguza. Bora zaidi ni kivuko kilichoinuliwa, ambapo mistari ya pundamilia yenyewe iko juu ya tuta pana lililo bapa. Mtu anavuka akiwa juu, dereva anamwona mzima, na hawezi kupita kwa kasi bila kuumiza gari lake.

Dar es Salaam ina mfano wa kutosha wa kazi hii. Shirika la Amend, kwa mradi wake uitwao SARSAI, limeingia katika shule za msingi zenye majeruhi wengi na kujenga njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, na mahali pengine kuhamishia geti la shule upande wenye barabara tulivu. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Hilo la geti lifikirieni sana. Ukuta ukitobolewa upande wa pili, mamia ya watoto hawahitaji tena kuvuka barabara kubwa, na gharama yake ni ya fundi mwashi na mlango wa chuma.

Mkishakuwa na namba, ulizeni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na mitaa ya mjini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mtendaji wa mtaa atawaambia. Watu wengi huzungushwa miezi kwa kupeleka barua ya barabara ya mkoa kwa ofisi isiyo na fungu nayo. Barua ipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na diwani, iwe ya ukurasa mmoja, iseme mahali penyewe kwa jina linalojulikana, saa mliyopima, magari mangapi kati ya 100 yalizidi kilomita 50, watoto wangapi walivuka, na kitu kimoja mnachoomba. Kimoja. Mkiomba matuta matano, taa, njia ya baiskeli na askari, mhandisi hana pa kuanzia. Ambatanisheni picha ya watoto wakisubiri kuvuka, sura zao zisionekane.

Wakati nao una maana yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango yake huandaliwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Juni hukuta fedha zimeshagawanywa. Pimeni Agosti au Septemba shule zikiwa wazi, pelekeni hoja kwenye mkutano wa mtaa, ijadiliwe na iandikwe kwenye muhtasari, kisha barua ifike Oktoba ikiwa na nakala ya muhtasari huo. Chagueni mtu mmoja wa kufuatilia, mwenye subira na asiyegombana na watu wa ofisini, na mumchangie nauli.

Tuta likishajengwa, rudini palepale, kwenye alama zilezile za mita 50, saa ileile, mpime tena magari 100. Mkikuta mengi bado yanapita kwa sekunde 4, tuta limewekwa mbali mno na kivuko au limejengwa chini mno, na mhandisi anapaswa kuonyeshwa namba hizo angali anaikumbuka kazi. Rangi ya pundamilia hufutika upesi kwenye lami yenye mchanga. Ombeni ipakwe upya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ikauke vizuri kabla watoto wa darasa la kwanza hawajaanza masomo Januari.